Koo la Mtutu

Papa Shem hakunipa mkono siku tulipojuana. Alikuwa ameificha mikono yake yote miwili chini ya meza ya ukumbi wa kanisa, na sahani ya pilau iliyokuwa mbele yake ilikuwa haijaguswa. Nilikaa upande wa pili wa meza kwa sababu kiti kile kilikuwa karibu na mlango, nami hupenda kukaa karibu na mlango.

"Wewe ndiwe Rosine wa Mama Nabintu," akasema. "Nasikia kazi yako ni kupima."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kupima nini?"

Nikamweleza, nadhani kwa sauti ndogo sana, maana alilazimika kuinama ili anisikie. Chuoni nilisomea vipimo vya uhandisi. Sasa nafanya kazi katika karakana moja hapa Birmingham, upande wa Washwood Heath, inayotengeneza vipuri vya treni. Nakaa katika chumba ambacho joto lake halibadiliki mwaka mzima, napima vyuma. Chuma kikizidi hata kwa unene wa unywele, nakirudisha kwa fundi. Ni nadra mtu kunisemesha humo, na hiyo ndiyo raha yake.

"Baba Lennox, mwache mtoto ale," mkewe akasema alipopita na sufuria, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Si nimemuuliza kazi tu. Ama kuuliza kumekuwa dhambi?"

"Wewe huulizi. Wewe unaajiri."

Mkewe, Mama Jepchirchir, ni muuguzi katika wodi ya wazee. Kanisani anajulikana kwa sauti yake katika kwaya na kwa kutochelewa hata siku moja. Wachache ndio wanaojua kwamba Jumamosi hulala kifudifudi kwenye nyasi na kupiga shabaha iliyo umbali wa yadi elfu moja, ambako mtu aliyesimama huonekana mdogo kama sisimizi.

Papa Shem ndiye aliyeanza mchezo huo. Kenya alikuwa askari magereza, na timu yao ya shabaha ilikuwa na jina. Alipomfuata mkewe Birmingham alijiunga na klabu, na mkewe akawa anamsindikiza na chupa ya chai. Siku moja, kwa mzaha, mkewe akalala mahali pake akashika bunduki. "Nilipiga mara kumi," Mama Jepchirchir husema, "na tangu siku hiyo anayebeba chai ni yeye." Baadaye mikono ya Papa Shem ikaanza kutetemeka, daktari akaupa ugonjwa jina, na bunduki ikabaki ya mke moja kwa moja. Papa Shem akabakiwa na fungu moja tu katika mchezo alioupenda: kumtengenezea mkewe risasi.

Alitaka nimsaidie katika fungu hilo. Si kutengeneza, alisema. Kupima tu, kuhakikisha kwamba mikono yake haimdanganyi.

Nilipomwambia mama, aliacha kukata sombe, majani ya muhogo.

"Rosine, sisi tulikimbia nini? Batu ba kanisa banaweka bunduki mu nyumba?"

"Iko mu kabati ya chuma, mama. Polisi banajua. Ni mchezo."

"Mchezo ni mupira."

"Mimi napima tu."

"Basi upime, urudi," akasema. "Na habari yake usiniletee hapa."

Nilikuwa mdogo sana tulipotoka Bukavu. Mimi milio siikumbuki. Mama anaikumbuka kwa ajili yetu sote.

Nilikwenda Sutton Coldfield kwa treni siku ya Jumanne baada ya kazi. Jikoni kwao Papa Shem alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe mezani, kama mtu anayengoja wageni wa heshima. Juu yake palikuwa na mizani ndogo, kalipa ya kupimia urefu, maganda ya shaba yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, na mashine ya mkono yenye wenzo mrefu, iliyofungwa ukingoni mwa meza kwa skrubu.

Alinifundisha kwa utaratibu. Risasi moja ni vitu vinne, alisema. Kuna ganda. Kuna fataki ndogo kitakoni ya kuwasha moto. Kuna baruti. Na kuna kichwa, kile kipande chenye ncha kilichobanwa kwenye shingo ya ganda. Watu huita mkusanyiko wote risasi, lakini kinachosafiri mpaka kwenye shabaha ni kichwa peke yake.

Alipokuwa akisema, mikono yake ilitetemeka juu ya kitambaa kama majani. Kisha akaushika wenzo wa mashine, na ikatulia. Nilishangaa, naye akaona kwamba nimeshangaa.

"Ikipumzika ndipo inasumbua," akasema. "Ukiipa kazi inanyamaza. Ni kama wafungwa."

Akaendelea kunieleza. Ndani ya mtutu kuna mikato inayozunguka, ndiyo inayokifanya kichwa kizunguke angani na kwenda moja kwa moja. Kabla mikato haijaanza kuna kipande kifupi kilicho laini, nacho huitwa koo. Kila mara bunduki inapopigwa, moto wote hupita kooni, na koo huungua kidogo. Fundi wao wa bunduki alikuwa ameingiza kamera nyembamba mle ndani, akawapa picha. Papa Shem alinionyesha. Chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama udongo wa shamba lililokosa mvua.

"Kwa hiyo mikato inasogea mbele," nikasema.

"Kila mwezi inasogea. Na mimi naifuata."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu mtutu ulipokuwa mpya. Aliamini kwamba kichwa lazima kiwe kimegusa mwanzo wa mikato kabla ya kupigwa, ili kianze safari kikiwa kimenyooka. Koo liliporefuka kwa kuungua, naye alikitoa kichwa nje ya ganda kwa kiasi kilekile, ili kiendelee kugusa. Mtutu mpya walikuwa wameshauagiza, lakini ungefika baada ya fainali. Klabu yao ilikuwa inapeleka watu wanne kwenye fainali hiyo, na kwa mara ya kwanza Mama Jepchirchir alikuwa mmoja wao.

"Huyu mzee lazima atuvushe," Papa Shem akasema, akimaanisha mtutu.

Mama Jepchirchir akaitoa bunduki kabatini, akaniweka upande wa nyuma, akafungua komeo la nyuma ya mtutu na kuangalia ndani kwa jicho lake, kisha akaangalia tena. Papa Shem akachukua ganda tupu lililopasuliwa shingo, lisilo na baruti wala fataki, akachomeka kichwa kwa kukilegeza, akalisukuma taratibu ndani ya bunduki. Kichwa kilipogonga mikato kilirudi nyuma ndani ya ganda mpaka kikasimama. Akalivuta ganda kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto aliyelala kutoka mgongoni. Akanipa kalipa.

"Pima wewe. Macho yangu yananipenda sana, yananiambia ninachotaka kusikia."

Nilipima, nikarudia, nikarudia tena. Kisha yeye akapima bila kuniuliza nimepata nini, akaandika pembeni mwa gazeti, nami nikaandika chini yake. Tulikuwa tumepata kitu kilekile mpaka tarakimu ya mwisho. Karakana yetu ina meza ya jiwe isiyotikisika na vyombo vinavyofunikwa visiingie vumbi. Yeye alikuwa na kitambaa cheupe na mikono inayotetemeka. Nilitaka kumwambia jinsi nilivyovutiwa, lakini nikabaki nikizinyoosha pindo za kitambaa.

Akaanza kuzitengeneza risasi. Kila alipoushusha wenzo, kichwa kiliingia kwenye shingo kidogo tu na kusimama.

"Kimeshikwa kidogo sana," nikasema.

"Kidogo kinatosha. La muhimu kiguse."

Jumamosi walinichukua twende wote uwanjani. Sikuwa nimewahi kufika mahali kama hapo, na niliogopa, lakini hofu yangu haikupata pa kukaa. Kila kitu kilifanywa polepole na kwa amri. Bendera nyekundu zilipepea. Watu walilala kwenye mikeka yao wakiwa wameachiana nafasi, wakavaa vizuia sauti masikioni. Nilimtazama Mama Jepchirchir akilala, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, akapumua, na mgongo wake ukashuka na kutulia. Nimewahi kumwona mtu akitulia hivyo mara chache sana, na kila mara alikuwa katika maombi.

Alikuwa amepiga risasi chache, zote vizuri, pale paa wawili walipotoka kichakani na kuanza kula nyasi mbele ya shabaha. Msimamizi akaamuru kila mmoja asimame na kuitoa risasi iliyomo. Makomeo yakafunguka mstari mzima.

Mama Jepchirchir alivuta komeo lake. Ganda likatoka peke yake. Shingo yake ilikuwa wazi, na punje nyeusi za baruti zikamwagika ndani ya bunduki, kwenye mkeka, kwenye mikono yake. Kichwa kilikuwa kimebaki kooni, kimeng'ang'ania mikato.

Aliinua mkono kama inavyotakiwa, na msimamizi akaja. Wengine wote wakangoja huku bunduki zao zikiwa tupu, hata baada ya wale paa kuondoka. Ilibidi ufito uletwe, kichwa kisukumwe kutoka upande wa mdomo wa mtutu, kisha punje zote zisafishwe. Kwa Mama Jepchirchir siku ilikuwa imekwisha. Nyuma ya mstari Papa Shem alisimama na chupa ya chai. Alikuwa haangalii bunduki. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Kapteni wa timu, Mwingereza mmoja mrefu na mpole, alimwita Mama Jepchirchir kando. Nilikuwa nimebeba mkeka wake, kwa hiyo niliyasikia. Alimwambia kwamba katika fainali saa haimsubiri mtu. Mmoja akikwama, timu nzima inaumia. Jumamosi ijayo alitaka aone mwenyewe. Angeipakia risasi, aitoe ikiwa nzima bila kuipiga, kisha apige shabaha. Ikishindikana, atumie risasi za dukani kama wengine, au nafasi yake apewe mtu wa akiba.

"Nimeelewa," Mama Jepchirchir akasema.

Tukatembea kuelekea garini. Papa Shem alikuwa ameshaingia, amefunga mkanda.

"Za dukani zipo," nikamwambia taratibu.

"Zipo, tena nzuri. Naweza kuzinunua hata leo." Akahamisha begi begani. "Lakini nikinunua za dukani, Rosine, huyu atakuwa anafanya nini jioni? Atakaa pale jikoni aangalie mikono yake. Umemwona sasa hivi?"

"Nimemwona."

"Basi umeona kila kitu. Na usimwambie ya kapteni. Nitamwambia mimi nikipata njia."

Hakuipata njia. Jumatatu nilipofika kwao, kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa na mashine imefunguliwa kutoka ukingo wa meza. Papa Shem alikuwa anavipanga vyombo ndani ya boksi.

"Nimeshika vibaya," akaniambia hata kabla sijavua koti. "Mkono umeteleza, nikakiacha kichwa kimelegea. Mwambie Mama Lennox anunue za watu wenye mikono."

Mama Jepchirchir alikuwa amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo. Hakugeuka. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani nikiombwa kusoma andiko huwa nampa mtu mwingine Biblia. Lakini nilijua kwamba anachokisema si kweli, na kujua kulikuwa kunanichoma.

"Papa," nikasema, "zile zilizobaki ziko wapi?"

Alizileta kutoka kwenye kabati lake la kufuli, akazipanga mezani, akakaa karibu yangu nikiwa napima. Nilizipima zote. Nilichukua muda mrefu, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika na kwa sababu niliogopa kumaliza.

"Zote ni sawa," nikasema. "Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Mkono wako haujateleza hata mara moja."

"Basi ni nini?"

Niliangalia meza. "Ni koo. Limekwenda mbali. Wewe umelifuata vizuri, Papa, umelifuata bila kukosea, mpaka shingo ya ganda imekwisha. Hakuna tena kinachokishika kichwa. Kikigusa mikato, mikato ndiyo inakishika zaidi."

Jokofu tu ndilo lililonguruma. Nilitamani niwe karibu na mlango.

Mama Jepchirchir ndiye aliyegeuka kwanza, mikono yake ikidondosha maji. "Umesikia, Baba Lennox? Umefuata ng'ombe mmoja mpaka ukavuka boma la jirani."

"Nimesikia."

"Na kapteni anataka Jumamosi nitoe risasi nzima mbele yake. Ama ninunue za dukani. Nilikuwa natafuta njia ya kukuambia."

"Hiyo ndiyo njia uliyoipata?"

"Ndiyo iliyokuwa karibu."

Papa Shem alichukua risasi moja, akaigeuzageuza. Ikiwa kati ya vidole vyake, mkono ulitulia. Nikaona uso wake ukienda mahali pengine.

"Zile bunduki zetu za magereza," akasema. "Zilikuwa kuukuu kabla sijaajiriwa. Koo zake pana kama bomba la maji. Hakuna kichwa kilichogusa kitu mle ndani. Kilikuwa kinaruka kwanza kwenye uwazi, ndipo kikutane na mikato. Na kwenye mashindano tuliwapiga polisi."

"Mliwapiga polisi lini?" mkewe akauliza.

"Kabla sijakuoa. Ndiyo sababu ulinikubali."

"Nilikukubali kwa sababu ulikuwa unanyoosha suruali."

"Basi zilikuwa zinapiga," akaendelea, kana kwamba hajasikia, ila mdomo ulikuwa umeanza kucheka. "Vichwa vinaruka mbali, na zinapiga. Hili jambo nilikuwa nalijua. Nikalisahau kwa sababu nilipata vyombo vizuri."

Akavitoa vyombo kwenye boksi. Akakitandika kitambaa. Nilimshikia mashine akaikaza skrubu.

Wiki hiyo nilijifunza jinsi mtu anavyoweza kuiacha imani yake bila kujidharau. Katika fungu la kwanza la risasi alikirudisha kichwa ndani, mbali na mikato, kisha fungu jingine ndani zaidi kidogo, na jingine tena. Alianza na baruti pungufu, kwa sababu kichwa kikizama kinaibana nafasi ndani ya ganda, na mtu asiyekumbuka hilo anaweza kujiumiza. Mimi nilipima kila fungu. Yeye alipima baada yangu. Mara moja tulitofautiana, na aliyekosea nilikuwa mimi, nilikuwa sijafuta kalipa. Alinipa kitambaa cha kufutia.

Siku ya Alhamisi Mama Jepchirchir alitoka zamu, akabadili nguo ndani ya gari, akaenda kuzipiga kwenye uwanja mdogo wa klabu. Alirudi na karatasi za shabaha zimekunjwa chini ya kwapa. Tulizitandaza mezani. Katika ya kwanza matundu yalikuwa yamekaa karibukaribu. Katika ya pili yalikuwa yametawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ya tatu ilikuwa afadhali. Halafu zilizofuata, tatu mfululizo, zilifanana. Matundu yalikuwa yamejikusanya, na yamejikusanya mahali palepale, ingawa kila karatasi ilikuwa ya vichwa vilivyozamishwa kwa kina tofauti.

Papa Shem aliziweka hizo tatu pamoja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Rosine, unaona? Hapa hata nikikosea kidogo, haijali. Koo likiungua tena kidogo, haijali." Akazishusha. "Miaka yote nimetafuta mahali pazuri kuliko pote. Kumbe nilitakiwa kutafuta mahali pasipo na ugomvi."

"Hicho nimekuambia tangu tuoane," Mama Jepchirchir akasema.

Alichagua kina cha karatasi ya katikati. Nilitazama kichwa kikiingia. Sasa shingo ilikuwa imekikumbatia vizuri, na wenzo ulipofika mwisho ulitoa sauti nzito kidogo, ambayo haikuwapo zamani.

Jumamosi kulikuwa na mawingu na upepo mdogo wa kutoka kushoto. Kapteni alimngoja Mama Jepchirchir kwenye mstari. Papa Shem alisimama nyuma ya kamba na darubini ambayo hakuitumia. Nilisimama karibu naye, na kwa kuwa hakuwa na cha kushika, mikono yake ilikuwa inatetemeka sana. Nilitaka kuishika. Nikampa chupa ya chai, akaikumbatia.

Mama Jepchirchir alilala. Msimamizi akatoa ruhusa. Akaiweka risasi, akafunga komeo. Kapteni alihesabu kimoyomoyo, nadhani, kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akasema, "Itoe."

Komeo likapanda. Likarudi nyuma.

Risasi ikatoka, ikaanguka kwenye mkeka, nzima. Kichwa kilikuwa mahali pake, ncha inaangalia nyasi. Hakuna punje iliyomwagika.

Kapteni akainama akaiangalia bila kuigusa. Akamwomba arudie na nyingine. Ikatoka nzima. Akasema apige sasa, naye akapiga, akiacha kati ya risasi na risasi muda wa kupumua vizuri na kuuangalia upepo. Shabaha ilishuka na kupanda mara kwa mara, na kila ilipopanda ilikuwa na alama karibu na kiini. Mbili ziliponyoka kidogo kushoto. Hizo alijilaumu mwenyewe, upepo ulikuwa umelala na yeye hakuuona. Zilizobaki zingefunikwa na sahani ya chakula. Kwa umbali ule, na mtutu ule uliopasuka kama shamba kavu, niliona ni kama mtu mzee kuimba wimbo mzima bila kukosa pumzi.

Alipotoka kwenye mstari kapteni alikuwa anatabasamu.

"Umebakia kwenye timu," akamwambia kwa Kiingereza. "Mwambie mumeo amefanya kazi nzuri sana."

"Mwambie mwenyewe," akajibu. "Yuko pale, na Kiingereza anakijua tangu wewe hujazaliwa."

Kapteni akacheka, akaja mpaka kwenye kamba, akanyoosha mkono. Nilimwona Papa Shem akisita. Kisha akanipa chupa ya chai, na akautoa mkono wake jinsi ulivyokuwa, unatetemeka, akampa. Kapteni aliushika kwa mikono yake miwili na kuanza kumuuliza maswali: kichwa kimerudi nyuma kiasi gani, aliyaona wapi hayo. Papa Shem alimweleza habari za magereza kuanzia mwanzo. Polisi walipigwa tena, safari hii kwa Kiingereza.

Fainali ilikuwa wiki mbili baadaye, mbali, na mimi nilikuwa kazini. Timu yao ilikuwa ya tatu. Mtutu uliwavusha. Siku fundi alipouondoa, Papa Shem aliusindikiza mpaka karakana, akaweka mkono juu yake kidogo, wakaagana. Mpya utakapofungwa, ameshaniambia, hataanza kwa kugusa. Ataanza nyuma na kutafuta mahali pasipo na ugomvi, na ananitaka niwepo na kalipa yangu.

Lakini jioni ya ile Jumamosi ya majaribio nilirudi kwetu Shard End peke yangu. Mama alikuwa jikoni. Nilivua viatu, nikaosha mikono, nikakaa kumenya vitunguu, na kwa kuwa alishanikataza sikusema chochote. Yeye ndiye aliyeanza, akiwa ameangalia sufuria.

"Mama Jep alipiga muzuri?"

"Muzuri sana, mama."

"Mm."

Akakoroga. Kisha akauliza, "Na ile ya kutoa mu bunduki bila kupiga. Ilitoka muzima?"

Sikujua kwamba alikuwa anasikiliza siku zote hizo nilipokuwa nazungumza na Papa Shem kwenye simu.

"Ilitoka nzima. Mbili, zote bila kupigwa."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Akachukua chombo chenye kifuniko, akajaza sombe, akakifuta ukingoni, akakisukuma upande wangu.

"Upelekee ule mzee," akasema. "Mwambie hizo mbili ndizo nimependa."